Programu inafanya kazi, jina la aliyeiandika halipo

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alinijia nyumbani, laptopu kwapani na karatasi moja mkononi. Karatasi ilikuwa CV yake. "Mjomba, nitazamie kabla sijaituma," akasema. Vijana wa mtaani kwetu huniletea sana karatasi hizi. Miaka niliyokaa maofisini imenipa kazi hiyo bila mshahara. Hii niliimaliza kwa dakika moja kwa sababu haikuwa na mengi. Jina, namba ya simu, kitambulisho, shule ya msingi, shule ya upili, diploma ya miaka miwili. Lugha: Kiswahili na Kiingereza. Apendacho: kandanda na kusoma. Na chini kabisa, mbele ya neno "ujuzi", mstari mmoja: anajua kompyuta.

Anajua kompyuta! Huyu ndiye aliyeandika programu ambayo kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini huifungua kila asubuhi kabla ya chai. Msomaji aliyewahi kuagiza gari au kontena anaijua shida yenyewe. Mzigo ukishashushwa melini hupewa siku chache za bure. Zikipita, bandari inatoza ada ya kuhifadhi, na mwenye kontena naye anadai chake kwa kila siku ambayo kontena lake halijarudi. Zamani karani wa ofisi ile alikuwa akizihesabu siku kwa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Sasa anaingiza namba ya kontena na tarehe ya kushushwa, na siku mbili kabla ya muda kwisha simu yake na ya tajiri wake zinapata ujumbe. Kijana aliifanya kwa miezi minne, akalipwa pesa ambazo sitazitaja nisije nikamtia aibu aliyezitoa, akaambiwa ahsante.

Tangazo la kazi aliyokuwa akiiomba lilitaka vitu viwili tu: CV, na anwani ya ukurasa wake wa GitHub. Digrii haikutajwa. Nililisoma mara mbili kuhakikisha.

Kwa asiyeijua, GitHub ni ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu huweka misimbo yao, yaani yale maagizo wanayoiandikia kompyuta. Ilianza 2008, na mwaka 2018 Microsoft ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.5. Chini yake kuna chombo kiitwacho Git, alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho kazi yake ni kuweka daftari la kila badiliko: nani kalifanya, lini, mstari gani. Kila mwenye akaunti ana ukurasa wenye jedwali la visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Siku uliyofanya kazi kisanduku kinageuka kijani. Ukifanya nyingi, kijani kinakoza. Waajiri wengi wamezoea kuutazama ukurasa huo kama muuguzi atazamavyo kadi ya kliniki ya mtoto. Ziko hata programu zinazouvuta na kuugeuza CV papo hapo, zikitaja lugha za kompyuta unazozitumia kwa asilimia na maghala yako yaliyopendwa zaidi.

Tukauvuta wa mpwa wangu. Ikatoka CV ya mtu mwenye maghala matatu, yote mazoezi ya chuoni. Na jedwali lake lilikuwa kama uwanja wa mpira wakati wa kiangazi, kijani hapa na pale.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu si la mpwa wangu peke yake. Pwani tumekuwa na milango miwili ya kazi na vijana wetu wanagonga katikati ya ukuta. Mlango wa serikali, wa kaunti na wa kitaifa, unataka karatasi: digrii ya chuo kinachotambuliwa, cheti cha tabia njema, vibali vya KRA, HELB, tume ya maadili na kadhalika. Kijana anaweza kuwa ameandika programu zinazoendesha maduka kumi, fomu haina mahali pa kuyaandika. Mlango wa pili, wa kampuni za Nairobi na za ng'ambo, unasema karatasi zako baki nazo, tuonyeshe kazi. Kwa maneno, huu ndio mlango wetu, sisi ambao wengi tunaishia diploma kwa sababu ya karo. Lakini nao una kipimo chake, na kipimo hicho kinapima kitu kingine.

Tusisahau vilevile tumefikaje hapa. Kijana wa Mombasa wa umri wa baba yake alikuwa na bandari. Mwaka 2019 ilipoamriwa kontena zipakiwe kwenye reli ya SGR zikatolewe Nairobi, watu wa malori, wa mabohari na wa ofisi za kutoa mizigo waliandamana katika mji huu, na wengi wetu tunawajua walioachishwa kazi. Amri ilibatilishwa Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa. Kazi zimerudi kiasi, imani haijarudi. Wazazi waliokuwa wakisema "tafuta kazi bandarini" sasa wanasema "soma kompyuta". Na waya za intaneti zenyewe, za SEACOM na TEAMS, ziliingilia Kenya hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Zinapita chini ya miguu yetu kwenda kuajiri watu kwengine.

Basi nilimuuliza: ile miezi minne mbona haionekani? Majibu yake yalinifunza mengi. Kwanza, alikuwa akitumia kompyuta ya ofisi, na Git ya kompyuta ile iliwekwa barua pepe ya kampuni. GitHub humhesabia badiliko mwenye barua pepe iliyo kwenye daftari. Kama anwani hiyo haijaunganishwa na akaunti yako, kisanduku chako hakigeuki hata ukeshe. Pili, mabadiliko mengi aliyaweka kwenye tawi la kando na hayakuingizwa kwenye tawi kuu mpaka mwisho, na ya tawi la kando hayahesabiwi. Tatu, ghala lenyewe ni la faragha na mwenyewe ni kampuni. Kazi ilipokwisha akaondolewa. Na mwezi wa mwanzo hakuwa na bando, alikuwa akinakili mafaili kwenye flashi akienda nayo nyumbani na kurudi nayo, kama mtu wa 2005.

Hakuna uvivu hapo. Kuna umaskini kidogo, ugeni kidogo, na zaidi kuna hali ya kawaida ya kazi: msimbo mwingi duniani unaandikwa ndani ya kampuni na hauonekani na mtu wa nje. Mwaka 2013 Mmarekani aitwaye Ashe Dryden aliandika makala iliyosomwa sana akiwaonya waajiri wa huko kwamba ukidai kazi ya bure ya hadharani kuwa sharti la ajira, unawachuja watu wenye muda wa ziada, na wanawake na walio wachache ndio wanaobaki nje. Alikuwa akiisema Marekani. Hapa kwetu ongeza stima inayokatika na binti ambaye baada ya magharibi ana chakula cha kupika na wadogo zake wa kuwafundisha kabla hajaigusa laptopu, kama anayo.

Nimemkumbuka binti mmoja wa Majengo niliyemtazamia CV mwaka jana. Katikati ya mazungumzo akataja kwamba aliandika programu ya daftari la madrasa mbili, inayoweka mahudhurio na kumtumia mzazi ujumbe mtoto asipofika. Kwenye CV haikuwepo. Nikamuuliza kwa nini. "Ile ilikuwa sadaka, mwalimu." Nikamwambia thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu na hakuna atakayeipunguza, lakini madrasa mbili zinaitumia, na hilo ni kweli mbele ya watu pia. Aliona haya kuliandika. Sijui wazazi wetu tumewafunza nini kuhusu kujisifu, hata mtoto anaona kusema ukweli juu ya kazi yake ni kiburi.

Hata hivyo yule mwenye kijani kingi asidhani ameshinda. Tarehe zilizomo kwenye Git huwekwa na mwandishi mwenyewe, na siku nyingi pamekuwa na vijiprogramu vya kupaka jedwali lote rangi bila kazi yoyote. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 mambo yamezidi: mtu anaweza kujaza ghala zima kwa usiku mmoja bila kuelewa mstari hata mmoja. GitHub yenyewe inauza Copilot, chombo kinachokuandikia msimbo. Mwenye ghala la ushahidi ndiye anayeuza mashine ya kuutengeneza! Ndiyo maana mwajiri mwenye akili siku hizi haishii kwenye ukurasa. Anamkalisha kijana na kumwambia, nieleze ulifanya nini hapa na kwa nini. Hapo mpwa wangu ana la kusema, na mpaka rangi anaweza kukosa.

Tukaketi. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa orodha ya vyombo: PHP, MySQL, JavaScript, vingine sivikumbuki. Nikamwambia mchonga milango wa Lamu hakuelezi kwamba anajua patasi na nyundo, anakuonyesha mlango. Nani alikuwa na shida? Ukafanya nini? Sasa hali ikoje? Tukaandika: "Niliandika programu inayohesabu siku za bure za kontena na kutuma ujumbe siku mbili kabla ya ada kuanza. Makarani watano wanaitumia kila siku ya kazi tangu Februari mwaka jana." Mistari miwili. Majina ya vyombo yakafuata chini kwa herufi ndogo.

Akataka kuongeza kwamba programu ilipunguza gharama za kampuni kwa asilimia 40. Nikamuuliza arobaini kaitoa wapi. Akacheka. Mtandaoni wameambiwa kila mstari wa CV uwe na asilimia, basi kila kijana ana asilimia zake. Nikaifuta. Makarani watano mimi nimewaona kwa macho.

Halafu likaja jambo alilotaka kulificha. Wiki ya tatu baada ya programu kuanza kutumika, kontena moja lilipitisha siku na kampuni ikatozwa. Karani aliingiza tarehe 4 Machi kwa tarakimu, siku kwanza halafu mwezi kama tuandikavyo sisi. Programu ikaisoma kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, ikaelewa 3 Aprili, na kengele haikulia. Tajiri alikata hasara ile kwenye malipo ya kijana. Aliponisimulia alikuwa bado ana uchungu, na mimi nikamwambia hilo ndilo jambo bora kwenye CV yako. Hakuniamini. Lakini alifanya nini baada ya pale? Aliondoa kisanduku cha kuandika tarehe akaweka kalenda ya kuchagua, akapitia tarehe zote zilizokwisha kuingizwa akakuta nyingine mbili zenye kosa kabla hazijaleta hasara, kisha akaandika majaribio ambayo programu inajifanyia yenyewe kila anapobadilisha kitu. Mtu anayetafuta mwandishi wa programu anatafuta hasa huyo, aliyekosea akajua alipokosea. Tukaliandika lote, kwa mistari mitatu.

Kulikuwa na hatari moja ambayo nusura tuingie, na hapa nawaomba vijana wanisikilize. Kwa kuwa ukurasa wake ulikuwa mkavu, alikusudia usiku ule ule kuumimina msimbo wote wa kampuni hadharani upate kujaa. Nikamwambia tufungue kwanza tutazame. Ndani ya msimbo mlikuwa na ufunguo wa siri wa huduma ya kutuma ujumbe, ambao yeyote angeuokota angetuma jumbe kwa gharama ya kampuni. Mlikuwa na faili la majaribio lenye majina ya wateja halisi, simu zao na namba zao za KRA. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na kamishna wa kuisimamia. Kumwaga namba za watu ni kosa, si ajali ya kuombea radhi kwenye WhatsApp. Wala kufuta baadaye hakusaidii, kwa sababu kazi ya Git ni kukumbuka. Ukifuta faili leo, daftari la jana bado linalo. Na mbali na yote hayo, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kazi uliyoajiriwa au kuagizwa kuifanya huhesabiwa ya aliyekuajiri au kukuagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Wao hawakuwa wamekubaliana lolote. Hawakuwa na karatasi.

Alichokifanya badala yake ni kuandika upya, kwa jina lake na laptopu yake, kijiprogramu kidogo cha kuhesabu siku, chenye kontena za kubuni, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayosimulia lile kosa la tarehe. Kilimchukua Jumapili nzima. Ukurasa wake sasa una ghala moja la maana, na mimi naona latosha.

Wako wazazi wanaoniambia kuweka jina la mtoto mtandaoni ni kujitafutia balaa, na siwezi kuwacheka. Mwisho wa Mei 2025 mwandishi wa programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza tovuti iliyowarahisishia wananchi kutuma barua pepe za kuupinga Mswada wa Fedha. Mwezi uliofuata mahakama iliyakataa mashtaka. Lakini siku alizolala ndani alizilala. Kazi ya hadharani ina uzito wake nchini mwetu, na kijana ana haki ya kuchagua nini akitie jina na nini asikitie.

Lakini kiini cha habari hii kwangu ni ile karatasi ambayo haikuwepo. Ukimwita fundi akujengee ukuta, ukuta unasimama barabarani na kila mpita njia anaweza kuulizwa kaujenga nani. Fundi wa stima au wa magari anaweza kwenda NITA akafanya mtihani wa daraja akapewa cheti cha serikali hata kama hakukanyaga chuo. Programu ikishaingia ndani ya ofisi yako haionekani na mtu, na wewe uliyeagizwa kuandikiwa ndiwe shahidi wa pekee. Ni wangapi kati yetu, wenye maduka, wenye vyama vya akiba na mikopo, kamati za misikiti, wenye magari ya abiria, wenye hoteli za ufuoni, tumewatumia vijana hawa kwa bei ya urafiki? Tumewapa barua? Barua ya mistari sita, yenye tarehe, aliyefanya, alichofanya, na kama bado kinatumika. Haigharimu hata bei ya kikombe cha kahawa.

Na kaunti zetu za pwani, ambazo kila mwaka zinatuambia zinawapa vijana mafunzo ya dijitali, zina ofisi zinazonunua programu na zina bodi zinazoajiri. Nchi ina mamlaka ya viwango vya elimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na ina sera ya kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa. Sioni kinachozuia bodi ya ajira ya kaunti kumkalisha kijana mbele ya programu aliyoiandika imuulize maswali kwa saa moja, kabla ya kumtupa nje kwa kukosa digrii. Mahali pa kuwapata wapo panajulikana. Nendeni SwahiliPot hapo karibu na Fort Jesus siku yoyote mkahesabu laptopu.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa yule tajiri wa kampuni. Alitupokea vizuri, akaagiza kahawa. Nilipomwambia tumekuja kutaka barua alishangaa kweli. "Barua ya nini tena? Mimi si nilimlipa?" Nikamweleza. Akafikiri, akasema hakuna neno, akamwita karani aichape, akatia sahihi na muhuri wa kampuni mbele yetu. Mpwa wangu akaipokea kwa mikono miwili na tukashuka ngazi.

Tulipofika chini ndipo tukaisoma. Inathibitisha kwamba mwenye barua hii alifanya kazi kwetu kwa miezi minne akiwa fundi wa kutengeneza kompyuta, na ni kijana mwenye adabu.

Tumeirudisha. Karani ameahidi kuibadilisha kesho, na maombi yanafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.